Kiingereza cha masafa: tunapakua sana, tunasema kidogo

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Kazi hii ya kuandika programu ina tabia ya kula hata saa za usingizi, basi naomba radhi. Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nina jambo nililolisikia nyumbani Kachibora wakati wa likizo ya Desemba, na tangu nirudi kazini limekataa kunitoka kichwani.

Kwa wasiopajua, Kachibora ni mji mdogo katika Kaunti ya Trans Nzoia, upande wa mashariki wa Kitale, unapoelekea milima ya Cherangany. Ni nchi ya mahindi. Sokoni utasikia Kibukusu, Kimarakwet, Kinandi, Kikuyu na Kikisii, na watu hao wote wakitaka kuelewana hukimbilia Kiswahili. Kiingereza kina mahali pake: shuleni, ofisini na kwenye karatasi. Ukimuuliza mama wa sokoni bei ya gorogoro kwa Kiingereza, atakutazama mara mbili.

Nilikuwa nimekaa kwenye duka la rafiki yangu anayetengeneza simu. Wanafunzi wa vyuo vikuu hupenda kukusanyika pale, kwa sababu umeme upo na mtandao unashika vizuri kuliko mashambani. Wengine wanasoma Bungoma, wengine Kakamega, Eldoret au Nairobi, lakini kozi kadhaa wanazifanya kwa mtandao wakiwa nyumbani. Maongezi yakaingia kwenye kozi ya Stadi za Mawasiliano.

Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vyetu hupitia kozi hiyo, awe anasomea kilimo, biashara au kompyuta. Kwa kweli ni kozi ya Kiingereza: kuandika insha na ripoti, kuchukua maelezo, kuzungumza mbele ya watu. Kwa kuwa wanaoichukua ni wengi kuliko viti vya ukumbi, ni rahisi kuelewa kwa nini vyuo vingi viliihamishia mtandaoni.

Nikawauliza: mnaionaje elimu hii ya masafa? Nilitarajia malalamiko matupu. Sikuyapata.

Wa kwanza alisema imemwokoa. Hana kodi ya chumba ya kulipa muhula mzima, na asubuhi anamsaidia baba yake kukamua ng'ombe kabla ya kipindi. Wa pili alisema anapenda kurudia. Mhadhiri akisema jambo haraka, yeye huisikiliza rekodi mara tatu, jambo ambalo ukumbini haliwezekani. Wa tatu alisema kitu kilichonigusa: mtandaoni hakuna anayekucheka. Mnajua mambo ya kushrabu, yaani Kiingereza kinapotoka na lafudhi ya lugha ya mama. Mtu wa kwetu akitaka kutaja basi la abiria, herufi ya kwanza inageuka P, na darasa zima linaangua kicheko. Kuna watu waliofunga mdomo tangu kidato cha kwanza kwa sababu ya kicheko kimoja kama hicho.

Halafu akazungumza binti mmoja anayesomea ualimu. Masomo yake ya kufundishia ni Kiingereza na Fasihi. Alisema hivi: "Kaka, mimi nimemaliza kozi ya Stadi za Mawasiliano na kozi ya fonetiki, zote kwa mtandao. Nimepita vizuri. Lakini katika kozi hizo mbili sijawahi kusema sentensi hata moja ya Kiingereza ikasikika na mtu."

Tukanyamaza. Nikamuuliza, hata moja? Akasema kipaza sauti kilikuwa kimefungwa kwa wanafunzi wote kwa sababu walikuwa mamia. Maswali yaliandikwa. Kazi ziliandikwa. Mtihani uliandikwa. Fonetiki, somo la sauti zinazotoka kinywani, aliisoma kwenye faili ya PDF. Na mwezi Mei anakwenda mazoezi ya kufundisha. Atasimama mbele ya watoto wa watu awafundishe kutamka.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona kwamba tumekuwa tukijadili tatizo lisilo lenyewe.

Kila tukizungumza kuhusu elimu ya masafa vijijini, tunazungumza kuhusu upana wa bomba. Mtandao ni hafifu, bando ni ghali, leteni mnara. Mnakumbuka Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa mwanafunzi bado, na nilifanya mihadhara yangu nikiwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo simu ilishika. Julai mwaka huohuo Loon, kampuni dada ya Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa mtandao kwa maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi angani juu ya sehemu za magharibi na kati ya Kenya. Sisi wapenzi wa teknolojia tulishangilia sana. Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa. Julai 2023 ikaja Starlink. Bomba linazidi kupanuka, na ni jambo jema.

Lakini hakuna aliyeuliza: ndani ya bomba kunapita nini, na kinakwenda upande gani?

Katika darasa la binti yule, karibu kila biti ilitoka kwa mhadhiri ikaenda kwa mwanafunzi. Kutoka kwa mwanafunzi hakikurudi kitu, ila insha chache. Kwa somo la historia labda ingefaa. Lakini lugha hujifunzwa na anayesema. Huwezi kujua kuendesha baiskeli kwa kutazama video za mtu anayeendesha, hata video iwe safi namna gani. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tatizo la Kiingereza cha masafa si umbali, wala si bando peke yake. Tumejenga darasa la kupakua kwa somo linalohitaji kupakia.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo fani yangu inaposaidia.

Chukua video ya kawaida ya darasani, kilobiti 600 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni megabaiti 270. Vipindi vya saa mbili kwa wiki, muhula wa wiki 14: megabaiti 7,560. Zaidi ya gigabaiti saba na nusu kwa kozi moja, na mara nyingi picha yenyewe ni slaidi ambayo haijasogea kwa dakika kumi.

Sasa chukua sauti ya mwanafunzi. Kodeki ya Opus, iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2012 na inayotumiwa na WhatsApp kwenye ujumbe wa sauti, inabeba maneno ya mtu vizuri kwa kilobiti 16 kwa sekunde. Hiyo ni kilobaiti 120 kwa dakika. Mwanafunzi akirekodi dakika mbili, mara tano kwa wiki, kwa wiki zote 14, atatuma megabaiti 16.8. Rudia kusoma hapo: muhula mzima wa kuzungumza Kiingereza ni mwepesi kuliko dakika nne za video ile.

Na mihadhara yenyewe je? Ikitolewa kwa sauti peke yake kwa kiwango hicho, pamoja na slaidi kama faili ndogo, saa zote 28 za muhula ni megabaiti 202 hivi. Jumlisha na zile za mwanafunzi, unapata kama 218. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya thelathini ya gharama ya sasa, na mwanafunzi amesema. Tena sauti haihitaji mtandao wa papo kwa papo. Unarekodi shambani, simu inatuma yenyewe ukifika sokoni penye mtandao.

Mtu ataniambia kwamba haya ni mawazo ya watu wa kompyuta. Sivyo. Wazee wetu waliyajua kabla hatujazaliwa. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta, na walimu wa shule za msingi wakawa miongoni mwa waliofaidi. Mwalimu alipata vitabu, akasikiliza vipindi redioni, akaandika kazi yake na kuituma kwa posta. Kazi ilisahihishwa ikarudishwa. Taratibu, ndiyo, lakini barua ilikwenda pande zote mbili.

Miaka ya 1980 mwanzoni kukawa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi hapa Kenya. Redio, jamani! Chombo kisichoweza kusikia chochote. Lakini waliotunga vipindi vile waliacha nafasi za kimya. Redio inauliza, inanyamaza sekunde chache, watoto wanajibu kwa sauti, redio inatoa jibu sahihi, inaendelea. Kwa nusu saa watoto walikuwa wakisema mara kwa mara. Mtaalamu mwenye redio ya betri alipata njia ya kumfanya mtoto aseme. Sisi wenye simu za maikrofoni mbili tumefunga vipaza sauti.

Tuwe wakweli pia kwamba ugonjwa huu haukuanzia mtandaoni. Watu wa rika langu tuliofanya KCSE tunaijua karatasi ya kwanza ya Kiingereza. Ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza. Zinajibiwa vipi? Kwa kalamu. Unaandika neno lenye sauti inayofanana na jingine, unaandika ungejiandaa vipi kwa mahojiano. Hakuna anayekusikia. Elimu ya masafa ilirithi ukimya huo, ikauweka kwenye seva.

Hata chuoni penyewe si peponi. Mmoja wa vijana wale alicheka akasema: "Mnadhani walioko kampasi wanaongea Kiingereza? Nje ya darasa ni Sheng tu." Ni kweli. Kukaa hosteli hakumfundishi mtu Kiingereza. Anayetengewa nafasi ya kusema ndiye hujifunza, awe kampasi au Kachibora.

Nina ushahidi wa mwili wangu. Nilipomaliza digrii ya kompyuta niliweza kuandika Kiingereza bila shida. Usaili wangu wa kwanza ulikuwa kwa simu. Swali lilikuwa rahisi: eleza mradi wako wa mwisho wa mwaka. Msimbo wa mradi ule niliujua mstari kwa mstari. Nilisema sentensi mbili, ulimi ukakauka. Kazi sikuipata, na sikumlaumu mtu. Baadaye nilijifunza kusema kwa kujirekodi kwenye simu usiku na kujisikiliza. Ni mateso kuisikia sauti yako mwenyewe, lakini baada ya miezi mitatu nilikuwa mtu mwingine.

Sasa nijibu hoja tatu ninazoziona zinakuja.

Ya kwanza: mhadhiri mwenye wanafunzi 400 atasikiliza saa ngapi? Hoja nzuri. Dakika mbili kwa kila mmoja ni dakika 800, saa 13 na ushee, kwa zoezi moja tu. Haiwezekani kila siku. Lakini wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu wanne. Kila mmoja asikilize rekodi za wenzake watatu na kuwajibu kwa sauti. Mhadhiri achague vikundi vichache kila wiki bila kutangaza, ili kila kikundi kijue zamu inaweza kuwa yake. Yule aliyeogopa kicheko cha ukumbi atasikika na watu watatu tu, tena baada ya kurekodi mara tano na kufuta nne. Hiyo ni faida ambayo darasa la ana kwa ana halina.

Ya pili: si tuiachie mashine ikosoe matamshi? Hapa nawaomba tahadhari, ingawa mashine ndizo zinazonilisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulipima mifumo ya kutambua sauti ya makampuni makubwa matano. Kwa wasemaji weusi wa Marekani mifumo ilikosea maneno 35 kati ya 100, kwa wazungu 19. Hao ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Mifumo imeendelea kuboreka tangu hapo, lakini mimi nisingeikabidhi alama za binti wa Kachibora kabla ya kuipima kwa sauti za Kachibora. Iwe msaidizi wa mazoezi, sawa. Isiwe hakimu. Na lengo lisiwe kumfanya Mbukusu asikike kama mtu wa London. Lengo ni aeleweke, naye asiogope.

Ya tatu: kwa nini nahangaika na Kiingereza kwenye ukurasa wa Kiswahili? Swali halali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ningefurahi vyuo vyetu vingefundisha kompyuta kwa Kiswahili hata kesho. Lakini mwezi Mei hautangoji. Binti yule ataingia darasani na lugha aliyopewa. Tukishamdai ada ya kozi ya Kiingereza, tunamdai na haki: afundishwe kweli.

Kuna sababu nyingine ya leo. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kazi ya kuandika imekuwa ushahidi dhaifu wa kwamba mtu anajua Kiingereza. Kila mhadhiri ananung'unika kuhusu insha zinazofanana. Rekodi ya sauti nayo inaweza kughushiwa, sikatai. Lakini mazungumzo ya dakika tano ya simu, mwanafunzi akiulizwa swali kuhusu rekodi yake mwenyewe, ni magumu kughushi. Na simu ya kawaida haihitaji hata bando.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji zabuni.

Moja, vyuo vinavyotumia Moodle tayari vina kitufe cha kurekodi sauti ndani ya kihariri chake. Kimekuwemo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2018. Msimamizi wa mfumo anaweza kukiwasha na kupunguza kiwango cha biti. Na Moodle yenyewe ilianzishwa na Martin Dougiamas, mtu aliyekulia jangwani Australia Magharibi akisoma shule ya msingi kwa redio ya mawimbi mafupi. Ni programu ya mtoto wa masafa.

Mbili, kozi yoyote ya lugha ya masafa isiruhusiwe kutoa alama bila sehemu ya kusema. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023, bado ni kichanga na kinajenga desturi zake. Huu ndio wakati wa kuweka desturi njema, kabla ukimya haujawa mazoea.

Tatu, wanafunzi wenzangu wa jana, msisubiri. Undeni kikundi cha watu wanne kwenye WhatsApp. Kanuni iwe moja: ni sauti tu, hakuna kuandika. Dakika mbili kila siku.

Hilo la tatu tulilianza palepale dukani. Binti yule, vijana wawili na mimi. Siku ya kwanza alituma sekunde 40, na nusu yake ilikuwa kusafisha koo. Leo asubuhi, ninapoandika haya, ametuma dakika mbili na nusu akieleza tofauti ya sauti mbili za mwanzo wa maneno, zile zilezile zinazotuchekesha sisi watu wa magharibi. Jogoo alikuwa anawika nyuma yake. Nimesikiliza mara mbili na nimeelewa kila neno. Faili ilikuwa na kilobaiti 300 hivi.

Mei inakaribia. Kama wewe ni mwanafunzi wa masafa, jiulize: mara ya mwisho mtu alikusikia lini? Na kama wewe ni mhadhiri, fungua vipaza sauti.

Nawatakia wiki njema. Tukutane tena hapa, na safari hii nitajitahidi nisipotee sana.